Kitufe Chekundu cha Paskalina

Paskalina Masalu ana duka la steshenari pale Masumbwe, ng'ambo ya stendi, na mimi nina vyerehani viwili kwenye kibaraza kinachotazamana naye. Mengi ya haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa na mtu. Nimeyaona mkasi ukiwa mkononi, na mengine, nakiri mapema, nimeyasababisha mwenyewe.

Wapita njia humwona mtoa fotokopi. Anatoa fotokopi, ni kweli, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Lakini alisomea kompyuta Mwanza miaka mitatu, na hana uwezo wa kuona jambo limekaa shaghalabaghala akapata usingizi. Ukimpelekea karatasi kumi zilizochanganyika, atazipanga kwanza ndipo aitikie salamu yako. Ana miaka thelathini na miwili, hajaolewa, na akiulizwa habari hiyo hujibu kwamba kelele za mashine ya fotokopi zinamtosha.

Katika kikundi chetu cha filamu, Mapambazuko, aliingizwa na Mwalimu Zipora. Zipora alimfundisha darasa la nne, na mpaka leo Paskalina humwamkia kwa kupiga goti, hata pale stendi kwenye vumbi. Tuko watu ishirini na watatu. Mwongozaji ni Bujiku, mwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu, upande wa porini. Mhariri ni Fiza, binti wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa kompyuta yenye nguvu iko kwao. Mwalimu Zipora ndiye mwigizaji mkuu. Mimi, Valerian, nilijaribiwa nafasi ya polisi, ya mchungaji na ya mlevi, mwishowe ikaonekana kwamba kipaji changu kiko katika kuwa maiti.

Filamu yenyewe inaitwa Kiwanja cha Mama. Mume anafariki (ndio mimi), dhahabu inagunduliwa chini ya kiwanja chake, mashemeji wanamgeukia mjane. Mjane ni Mwalimu Zipora. Sini, yaani maonyesho, ni arobaini, kamera za simu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipwa kwa kazi hii.

Zamani tulikuwa tukiitana kwa kundi la WhatsApp. Tangazo la kushuti likitumwa saa mbili asubuhi, saa tatu limeshafukiwa na sala, picha za maua, taarifa za misiba ya kweli na mtu anayeuza vifaranga. Ndivyo ilivyotokea Mwalimu Zipora akaingia mlangoni kwa kitenge cha bluu na kutokea sebuleni kwa kitenge cha kijani. Fiza alipotuonyesha kipande hicho tulicheka mpaka machozi. Paskalina hakucheka hata kidogo. Alichukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, akaigeuza, akaanza kuchora.

Alichora kwa miezi saba. Alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kuendeshea filamu nzima, akaiita Jamvi. Kila sini na ukurasa wake: nani anaingia, amevaa nini, nani anabeba sufuria, picha ya jinsi kila mtu alivyoonekana mara ya mwisho, na mahali pa kumwaga vipande vilivyorekodiwa na simu tofauti ili Fiza avikute pamoja. Alipita kwa kila mmoja wetu na karatasi zake akiuliza tunataka nini. Wengi tulimcheka, tena mbele yake. Bujiku alimwambia aweke picha nyingi kwa sababu wasanii wake hawapendi kusoma. Mwalimu Zipora peke yake alizichukua zile karatasi, akakaa nazo siku mbili, akazirudisha zimesahihishwa pembeni kama daftari. Paskalina anazo hadi leo.

Sehemu aliyojivunia zaidi ilikuwa ya kuitana. Ratiba ikipangwa, kila mtu anapokea swali: utakuja? Chini yake vitufe viwili, kijani cha Nitakuja na chekundu cha Sitakuja. Wenye viswaswadu, zile simu ndogo, walipokea ujumbe mfupi wakajibu moja au mbili. Alituahidi kwamba kuanzia sasa tutajua kabla ya kubeba vyombo nani yupo na nani hayupo. Sote tulipiga makofi, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mwezi wa sita Mwalimu Zipora akapata barua ya uhamisho. Alitakiwa awe ameripoti kituo kipya, kule Songea, ifikapo tarehe mosi Agosti. Tulikuwa tumebakiza sini tisa, na zote tisa alikuwemo. Jambo likawa jepesi kueleza na zito kubeba: tukizipata kabla hajaondoka, tuna filamu, tusipozipata, miaka miwili ya watu ishirini na watatu inabaki vipande kwenye kompyuta ya Fiza. Bujiku alisema tungeweza kumtafuta mama mwingine wa kufanana naye. Paskalina alimtazama mpaka akanyamaza.

Zilikuwepo Jumamosi nne za Julai. Paskalina akazigawa sini tisa humo, akaanza na ile ya msiba wangu, inayohitaji watu wengi. Swali likaenda. Majibu yakarudi ishirini na matatu, yote ya kijani.

Jumamosi hiyo, tarehe nne, walifika watu wanne. Paskalina, Fiza na kamera, mwenzetu Donatus aliyebeba masufuria, na Mwalimu Zipora mwenye khanga nyeusi kichwani. Maiti hakuonekana. Maiti alikuwa Kharumwa akimpima bwana harusi suti, na alilijua jambo hilo wiki nzima kabla ya kubonyeza kijani. Kwetu msiba usio na watu ni aibu kuliko msiba wenyewe. Naambiwa Mwalimu Zipora aliitazama ile mikeka iliyotandikwa bure, akaketi, akalia sini yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshavaa. Fiza alirekodi uso peke yake.

Wiki iliyofuata, kijani ishirini na matatu tena. Walikuja saba, na sini zote tisa zikabaki pale pale.

Siku ya Jumapili Paskalina alitoka ibadani akapanda bodaboda mpaka kwenye duara la Bujiku. Alikwenda na karatasi. Alikuwa amehesabu majibu yote tangu Jamvi ianze kazi: mia mbili na kumi na moja ya kijani, chekundu sifuri. Kitufe chekundu kilikuwa kipya kama sahani za wageni. Bujiku alitoka shimoni na tope mpaka kwenye nyusi, akazisoma zile tarakimu, akajifuta.

"Wewe mwenyewe hukuja," Paskalina alimwambia. "Ni mwongozaji, na hukuja."

"Pampu iliharibika. Maji yalijaa."

"Sikatai. Lakini pampu iliharibika Alhamisi, na Ijumaa ulibonyeza kijani."

"Sasa ningebonyeza nini?"

"Chekundu, Bujiku. Ndiyo kazi yake."

Bujiku alishangaa kwa dhati. "Nikutumie wewe neno 'sitakuja'? Umehangaika miezi yote hiyo na kazi yako, halafu mimi nikujibu hivyo? Bora nisionekane, nije nikuombe radhi."

Na hapo ndipo wote tuliponaswa. Huku kwetu mtu akikuita kazini, "nitakuja" si taarifa ya miguu yako itakuwa wapi. Ni heshima. Ukisema hutakuja umemkataa yeye. Usipotokea, umepatwa na jambo tu, na mambo humpata kila mtu. Ahadi ni deni, wanasema, lakini hili halikuwa ahadi, lilikuwa adabu. Paskalina amezaliwa hapa hapa na kunyonya hapa hapa. Angewezaje kulisahau hilo? Nafikiri Mwanza walimfundisha vitufe vizuri mno.

Alirudi kwao jioni hiyo amenuna. Mama yake, Lusia, alikuwa uani akiwaita wanawake wenzake kwa simu waje kumsaidia kuchuma pamba, spika imefunguliwa mpaka majirani wote, nami nikiwemo, tunasikia.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia mmoja, mayu ikiwa ni mama kwa Kisukuma, ingawa jua lilikuwa linazama na hiyo ni salamu ya asubuhi. "Za huko? Wabeja, asante. Alhamisi uko wapi?"

"Alhamisi niko mashineni, nakoboa mpunga."

"Haya. Na Ijumaa?"

"Ijumaa nipo tu nyumbani."

"Haya mayu, tutaonana."

Akakata, akapiga nyingine. Kwa simu kumi na moja hakumwuliza hata mmoja kama atakuja. Wala hapakuwa na aliyesema anakuja. Na Ijumaa, hilo nililiona kwa macho yangu, wanawake tisa walishuka shambani na mifuko yao.

Paskalina alikaa pale uani mpaka mama yake akamwuliza kama anaumwa. Kesho yake hakufungua duka. Jumanne asubuhi sote tukapokea swali jipya kutoka Jamvi, halina kitufe chochote, na halikutaja filamu. Liliorodhesha siku za wiki mbili zilizobaki, na kuuliza: siku hizi uko wapi?

Majibu yalikuja kama mvua. Watu wasioandika hata salamu waliandika. Ritha, anayeigiza binti wa mjane, aliandika zamu zake zote za zahanati kule Kharumwa. Donatus alitaja siku ya kliniki ya mtoto. Bujiku aliandika kwamba Jumamosi zote yumo shimoni kwa sababu ndiyo siku mwenzake wa duara, ambaye ni Msabato, anakwenda kanisani, jambo lililokuwa hivyo tangu tuanze filamu na hakuwahi kulitamka. Mimi niliandika ukweli wangu, na nilijisikia mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Paskalina aliyapanga majibu yale mezani, kati ya rimu mbili za karatasi, na mambo mawili yakajitokeza. La kwanza lilimchekesha. Jumatano ya tarehe kumi na tano, watu kumi na tisa kati yetu tulikuwa tumejibu neno lile lile: mnadani. Mwaka mzima alikuwa akihangaika kutukusanya Jumamosi, na kumbe kila Jumatano tulikuwa tumekusanyika tayari, kila mmoja na biashara yake, hatua hamsini kutoka kwa mwenzake.

La pili lilitoka kwa Mwalimu Zipora. Alikuwa amejaza siku zote kwa uandishi wake wa mwalimu, sentensi kamili na nukta. Kwenye Jumatatu ya tarehe ishirini aliandika: Nitakuwa kwenye basi la Dodoma, na kesho yake nitaendelea hadi Songea. Baada ya hapo hakuandika kitu.

Paskalina alivuka barabara na simu mkononi. Mwalimu alikuwa kwangu, amesimama mikono wazi, nampima gauni la safari, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una hasira, naiona mabegani."

"Swali la tarehe ishirini na tano nilikutumia mapema, ukabonyeza kijani. Tulipanga sini tatu siku hiyo."

"Nilibonyeza."

"Na ulijua hutakuwepo?"

"Gari la mizigo lilipatikana mapema. Nilijua."

Nilijifanya natafuta pini. Mwalimu akashusha mikono.

"Uliniuliza kama nitakuja, Paskalina. Wewe, na kazi uliyoifanya. Ningekujibu hapana? Safari hii umeniuliza nitakuwa wapi, nami nimekwambia."

Paskalina alisema asante, akavuka barabara kurudi kwake. Baadaye aliniambia kwamba jambo hilo lilimuuma, na lililomuuma si uongo. Alitengeneza chombo cha kuwafanya watu waseme kweli, na kweli ya kwanza kubwa iliyoingia humo ilikuwa kwamba siku alizodhani amebakiza na Mwalimu wake ni chache kuliko alivyojihesabia.

Siku sita, basi. Hakuzipoteza. Jumatano tulishuti mnadani sini ya kiwanja kuuzwa hadharani, ile iliyohitaji umati. Tulitaka watu ishirini, tukapata mamia, pamoja na ng'ombe. Mashemeji walimzunguka Mwalimu Zipora, dalali wetu akapaza sauti akitangaza kiwanja, na mnunuzi mmoja wa kweli kutoka Buseresere akataja bei. Dalali akababaika. Yule bwana akapandisha. Ilibidi Bujiku asimamishe kamera amweleze kuwa ni maigizo, naye akakasirika, akasema watu wa Masumbwe wakishapewa bei nzuri hujitia wanaigiza. Fiza alikuwa ameendelea kurekodi. Kipande hicho kimo kwenye filamu.

Alhamisi alfajiri walipatikana watu kumi na wanne kwa saa moja kabla ya kazi, nikazikwa. Nililala kimya kama inavyostahili, nikawasikia wakilia, na sitaki kusema mengi juu ya hilo. Ijumaa sini tatu za nyumbani kwa Mwalimu, katikati ya masanduku yake yaliyofungwa, maana hata kwenye hadithi mjane alikuwa anahama. Jumamosi mbili. Jumapili baada ya ibada moja. Nane zikapatikana.

Ya tisa ilikuwa ya mwisho kwenye filamu pia: mjane anapanda basi, binti anamsindikiza. Bujiku alitaka ishutiwe pale stendi, Jumatatu, basi likiwa la kweli na mizigo ikiwa ya kweli. Siku hiyo kila mmoja alikuwa amekwishasema yuko wapi, na hakuna aliyekuwa stendi. Bujiku alikuwa shimoni. Ritha alikuwa zamu Kharumwa. Alikuwepo Fiza, ambaye baba yake alimpa ruhusa ya saa moja, na mimi ambaye sihami kibarazani kwangu.

"Binti anaonekana mgongo tu," Fiza alisema. "Vaa nguo za Ritha, Paskalina. Picha yake si ipo kwenye Jamvi?"

Ilikuwepo. Kilemba cha njano, khanga iliyofungwa juu ya blauzi nyeupe, kandambili. Mimi ndiye niliyemfunga kilemba, kwa kutazama picha. Ratiba yake niliiona kwenye simu, maana aliniomba nimshikie. Basi linaondoka saa tatu. Saa mbili na nusu, sini. Saa mbili na dakika hamsini, ameandika: kumuaga Mwalimu. Hakuwa amemuaga bado. Wiki nzima walikuwa kazini, na yeye ni mtu wa kila jambo na saa yake.

Fiza akainua kamera. Mwalimu Zipora akashuka ngazi moja ya basi, ameshika begi, akamwangalia Paskalina kama mama anavyomwangalia binti kwenye hadithi. Maneno ya mama yalikuwa mawili matatu, na la binti lilikuwa moja: nenda salama, mama.

"Usisimame kuniangalia," Mwalimu alisema, kama ilivyoandikwa. "Nenda kafungue duka. Watu wanasubiri."

Hapo ndipo zamu ya Paskalina ilipofika. Mimi niliyekuwa upande wa mbele nilimwona akifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na kamera haikuyaona hata moja. Mwalimu alingoja, akanyoosha mkono akamgusa shavu, jambo ambalo halikuandikwa, akapanda.

Kondakta akapiga bodi ya basi mara mbili. Viti vilikuwa vimejaa, na basi lililojaa halitazami saa. Mlango ukafungwa na gari likang'oka saa mbili na dakika thelathini na nane. Fiza aliligeuzia kamera, akalifuata mpaka likakata kona ya barabara kuu, ndipo akaishusha.

"Nimepata," alisema. "Tumemaliza! Sini arobaini!"

Paskalina alikuwa bado amesimama pale pale na kilemba cha Ritha kichwani.

"Turudie," alisema. "Sauti yangu haikutoka."

Fiza alimtazama, akaitazama barabara.

"Turudie na nani, dada?"